Akiki Katika Mfereji

Basi la kutoka Newport lilitushusha karibu na kanisa,
mvua ikinyunya, ile mvua ya Wales,
hainyeshi wala haikomi.
Zumo alikuwa na upanga wa plastiki na njaa.
Mimi nilikuwa na siku moja ya mapumziko
na miguu ambayo bado ilikuwa zamu ya usiku.

Caerleon. Kibao kikasema hapa palikaa jeshi la Warumi.
Sasa pamekaa nyasi, na kondoo wawili
wasiojali nani alishinda.
Uwanja wa mapambano ni bakuli la majani mabichi.
Zumo akashuka mbio hadi katikati, akamuua simba,
akamuua tena, maana hakufa vizuri,
kisha akahesabu ngazi kwa Kiwelisi cha shuleni,
un, dau, tri,
nami nikahesabu kimoyomoyo kwa Kidigo cha bibi yangu,
na mawe hayakushangaa:
yamezoea lugha za watu waliotumwa mbali.

Pembeni mwa kambi, choo cha askari.
"Walikaa hivi, bega kwa bega,"
akaeleza Bwana Gethin, mwavuli kwapani,
akachuchumaa kidogo atuonyeshe.
Zumo alicheka hadi akakaa kwenye tope.
Jeshi lililotetemesha nusu ya dunia,
kumbe nalo lilikuwa na tumbo.

Kwenye mabafu waliyoyaezekea paa
mlikuwa na sanduku la kioo na taa ndogo.
Nilidhani ni punje za komamanga.
Nikainama.
Akiki.
Themanini na kitu, akasema Gethin, zilitoka mferejini.
Watu waliingia kuoga na pete zao,
mvuke ukalegeza gundi,
kito kikadondoka, maji yakakibeba,
na mwenyewe akaenda zake
na pete kipofu kidoleni.

Nikauficha mkono wangu mfukoni.

Ilikuwa mwezi wa pili, nyumba ya wazee, ghorofa ya juu,
namwosha Bi Olwen,
anayeniita kwa jina la dada yake marehemu,
nami huitika.
Maji ya moto, povu, mgongo wake
wenye mifupa ya kuhesabika kama shanga.
Nilipomfunika taulo ndipo nikaiona
pete aliyoniachia baba, aliyoinunua Tanga
kwa haji aliyeishiwa nauli:
kikombe kitupu.
Fundi bomba alifungua kiungo kimoja, akapiga mluzi.
"Imeshafika mtoni hiyo, dada. Au baharini."
Sikulia. Zamu ilikuwa haijaisha,
na Bi Olwen alitaka chai.

Maji yakimwagika hayazoleki, tumelelewa nayo hiyo.
Lakini waliosema hivyo
hawakusema lolote juu ya kilichozama.

Basi na waje, hao wa miaka elfu mbili ijayo,
na miswaki yao midogo na subira yao,
wachimbe chini ya nyumba ya wazee.
Watapata meno ya bandia, vibanio vya nywele,
kisha kitu chekundu, kidogo kuliko kunde,
wakinyanyue kwenye mwanga, wote wanyamaze.
Wataandika: *Kito. Mwenyewe hajulikani.*
Watabishana. Mmoja atasema mke wa jemadari,
mwingine, mfanyabiashara wa ng'ambo.
Hakuna atakayesema:
alikuwa anaosha mgongo wa mtu,
na maji aliyapima kwanza kwa kiwiko.

"Mbona unacheka, mama?"
"Nina njaa," nikamwambia. Haikuwa uongo.

Kituoni, basi limechelewa.
Pembeni mwa barabara, wavu wa mfereji
unameza mvua polepole.
Zumo akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye chuma:
"Hodi!"
Akasubiri.
"Hodi!"
Chini, maji yakapita na shughuli zao.
Akabisha mara ya tatu, kwa adabu, kama nilivyomfundisha,
kisha akainuka, akajipangusa magoti.
"Wapo," akasema. "Ila wanaoga."